Ufunguo wa Bwana Maksuudi: Kuisoma Utengano Baada ya Korona

Utangulizi

Mwaka 2020 serikali nyingi duniani ziliwaambia raia wake jambo moja: kaeni nyumbani. Kenya ilianza amri ya kutotoka nje tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Uganda ilikaza zaidi ya hapo. Hapa Tanzania hatukufungiwa majumbani, lakini shule na vyuo vilifungwa katikati ya Machi na wanafunzi tukarudi kwetu. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni, na sisi tuliokuwa kidato cha tatu tukasubiri hadi tarehe 29 Juni. Kote Afrika Mashariki ujumbe uliozagaa ulikuwa uleule: nawa mikono, kaa mbali na mwenzako, baki nyumbani.

Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, basi tangazo hilo nalisoma kama nisomavyo matini yoyote. Nani anasema? Anamwambia nani? Kipi amekichukulia kuwa kinajulikana hata asihangaike kukitaja? Msemaji ni mwenye mamlaka, hadhira ni kila mtu, na kisichotajwa ni hiki: kwamba nyumba ni salama. Sentensi yote imesimama juu ya nguzo hiyo. Ukiiondoa, "baki nyumbani" inakuwa amri ya kumwambia mtu abaki na yule anayempiga.

Kwamba watu walipigwa si jambo la kubishania. Tarehe 5 Aprili 2020 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliomba amani majumbani kama alivyokuwa ameomba silaha ziwekwe chini kwenye medani za vita. Mwezi huohuo UN Women ilikuwa ikiuita ukatili huu janga la kivuli, maana ulikua nyuma ya janga lililokuwa likitazamwa na kila mtu. Kenya, tarehe 6 Julai, Rais Uhuru Kenyatta alikiagiza Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu kichunguze kuongezeka kwa ukatili wa kijinsia na kutoa ripoti ndani ya siku 30. Wakubwa hawa hawakuwa wakizungumzia uvumi.

Swali langu ni la kifasihi. Je, fasihi yetu ya Kiswahili ilikuwa imetuandaa kuliona jambo hili? Hoja ninayoijenga katika makala haya ni kwamba vitabu tunavyoviita vitabu vya maradhi havikutuandaa vya kutosha, na kwamba kitabu kilichotuandaa ni kimoja ambacho sijamwona mtu akikiweka kwenye rafu hiyo: Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, miaka 40 kabla ya korona.

Adui yuko nje

Ukimwi ndio uliotuzalia kundi kubwa la vitabu vya maradhi, na wengi wetu tumevisoma tangu sekondari. Katika Kilio Chetu, tamthilia ya Medical Aid Foundation ya katikati ya miaka ya 1990, Suzi anapata mimba na maambukizi kutokana na uhusiano wake na Joti, na mwandishi anamnyooshea kidole mzazi, Mama Suzi, aliyeona haramu kuzungumza na mtoto wake habari za jinsia. Katika Orodha ya Steve Reynolds, Furaha anakufa na kuacha barua ya kusomwa siku ya maziko yake. Wanaume wa kijiji wanatetemeka, kila mmoja akidhani jina lake limo. Kumbe orodha haina jina la mtu. Ina mambo ambayo, kama angeyapata, yangemwokoa.

Sina ugomvi na vitabu hivi. Vilisema wakati watu wengi walikuwa wamefunga midomo, na walimu wetu walivitumia vizuri. Ninachoomba ni tuitazame ramani yake. Hatari inakaa wapi? Inakaa kwa vijana wa mtaani, kwenye tamaa ya vitu, kwenye starehe, kwa wanaume wasio na haya. Nyumba kazi yake ni kuonya. Ikikosea, kosa lake ni kukaa kimya. Tiba yake basi inakuwa nyepesi: wazazi waseme, watoto wasikie, kila mtu atulie kwake. Mabango ya Ukimwi nayo yalituambia hivyohivyo, tuwe waaminifu, tutulie na mwenzi mmoja. Ukiyasoma kwa makini utaona yanasema "baki nyumbani" kwa maneno mengine, miaka mingi kabla ya korona.

Wakati huohuo ushahidi kutoka hapahapa Dar es Salaam ulikuwa ukisema vingine. Mwaka 2002 Suzanne Maman, Jessie Mbwambo na wenzao walichapisha matokeo ya utafiti wao kwa wanawake 245 waliofika kupima VVU katika kituo kimoja cha jijini. Miongoni mwa wanawake wa chini ya miaka 30, waliokutwa na virusi walielekea mara kumi zaidi kueleza kwamba wamefanyiwa ukatili na wenzi wao kuliko wale ambao hawakuwa navyo. Wenzi wao, jamani. Hatuzungumzii Joti wa mtaani wala mtu wa kwenye orodha. Na miaka mitatu baadaye, ripoti kubwa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 jijini Dar es Salaam na asilimia 56 mkoani Mbeya walikuwa wamepata kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono na mwenzi. Hiyo ilikuwa hali ya kawaida, mwaka ambao hakukuwa na amri ya mtu kubaki ndani.

Orodha inakaribia kuliona jambo hili kuliko Kilio Chetu, na ndiyo maana naipenda zaidi. Inaanza kwa kutushawishi tuulize "nani kaleta?" kisha inatunyima jibu, na ule mshangao wa barua unamwacha msomaji na aibu ya kuwa ametamani kusikia majina. Hata hivyo inapolifuta swali hilo haituletei lile lililopaswa kukaa mahali pake: nani alikuwa na uwezo wa kusema hapana? Mwanamke anayeogopa kipigo hawezi kumwambia mumewe avae kondomu, hawezi kumweleza majibu ya vipimo, na wakati mwingine hawezi hata kwenda kupima bila kuulizwa alikuwa wapi. Kwake yeye ugonjwa na kipigo ni habari moja.

Nyumba iliyofungwa

Sasa tuingie kwa Bwana Maksuudi.

Maksuudi ni mtu wa mali na siasa, anayetafuta kura za umma na anayejulikana mjini. Nyumbani kwake ameweka sheria moja: mkewe, Bi Tamima, na binti yake, Maimuna, hawatoki. Yeye mwenyewe hutoka, tena hutoka sana, na riwaya haimwonei haya. Tunamwona akimwandama Kazija huku nyumbani akiwa mlinzi mkali wa heshima. Siku Bi Tamima anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, uchungu unamkuta mlemle ndani. Anayekuja kumzalisha ni Bi Farashuu, mwanamke mwenye kisasi cha siku nyingi na mwenye nyumba. Maksuudi anaporudi na kugundua kwamba amri yake imevunjwa, anapiga, na talaka inafuata. Maimuna anaondoka na kuangukia kwa Mama Jeni, kwenye pombe na ukahaba.

Wahakiki wengi, na sisi wanafunzi nyuma yao, tumezoea kuisoma riwaya hii kama hadithi ya malezi. Maimuna alifungiwa mno, dunia hakuijua, ilipomfungukia ikammeza. Usomaji huo ni sahihi, lakini una kasoro yake: unaifanya nyumba ya Maksuudi iwe tatizo kwa sababu ya kitakachotokea nje baadaye. Yaani hata tunapomlaumu Maksuudi, bado jicho letu linakimbilia danguroni. Tukirudi ndani na kukaa humo kidogo, tunaona vitu vitatu ambavyo mwaka 2020 ulitulazimisha kuvitazama upya.

Kwanza, tazama ni hatari gani inayomkabili Tamima siku ile. Ni ya kiafya. Mwanamke ana uchungu, na msaada wa kiafya uko upande wa pili wa mlango ambao hana ruhusa ya kuuvuka. Kumvusha mkunga kizingiti, jambo ambalo jirani yeyote angelifanya bila kuuliza, kunageuka kosa la jinai ndani ya dola ndogo ya Maksuudi. Anaadhibiwa kwa sababu ametibiwa. Nadhani hakuna mandhari katika riwaya ya Kiswahili inayoonyesha waziwazi kuliko hii jinsi afya ya mwanamke inavyoweza kuwa mali ya mtu mwingine.

Pili, tazama nani anatoka. Amri ya Maksuudi ina upande mmoja. Anayeitunga haimhusu. Sasa jiulize amri ya kutotoka nje ilivyokuwa ikitumika nyumba kwa nyumba. Kwa maandishi ilikuwa ya wote. Lakini ndani ya nyumba ambamo mume ndiye mwenye fedha na simu yenye salio, amri ile haikuwabana watu kwa usawa. Mwenye nguvu alibanwa na serikali peke yake. Asiye na nguvu alibanwa na serikali na mwenye nyumba.

Tatu, tazama nyumba ya Mama Jeni. Huwa tunaiita "nje". Kwa kweli nayo ni nyumba, ina mwenyewe, ina mlango, na Maimuna humo hana mamlaka juu ya mwili wake kama alivyokuwa hana kule kwa baba yake. Msanii hajamtoa Maimuna ndani akampeleka nje. Amemtoa nyumba moja akamtia nyingine. Tukiliona hilo, ile ramani ya vitabu vya Ukimwi, ndani heri na nje shari, inachanika.

Na hapa nataka tulisikie neno lenyewe. Utengano. Mwaka 2020 wizara za afya zilikuwa zikihimiza kutenga wagonjwa, watu wakatengwa, vituo vya kutengea vikafunguliwa. Kwa lugha ya tiba kutenga ni kumlinda mzima asiambukizwe. Said Ahmed Mohamed alikwisha kutuonyesha matumizi mengine ya kitenzi hicho: kumtenga mtu na mashahidi.

Kurudi na kumrudi

Kiswahili kina kitenzi cha ajabu. "Kumrudi mke", katika Kiswahili cha wazee, ni kumtia adabu, na adabu hiyo mara nyingi ilikuwa ya fimbo. "Kurudi kwao" ni mke kuiacha nyumba ya mume na kwenda kwa wazazi wake. Mume anamrudi, mke anarudi. Kipigo na kimbilio vimekaa katika neno moja kama ugonjwa na dawa yake.

Sifurahii kwamba dawa yenyewe ilikuwa dhaifu. Tunajua mwanamke akirudi kwao wazee hukaa kikao, mume hutozwa faini, akaambiwa asirudie, na mke huambiwa "mwanangu, ndoa ndivyo ilivyo, kavumilie." Hata hivyo ilikuwa dawa, na ilikuwa na mnyororo wake: jirani anayesikia kelele na kubisha hodi, shangazi anayeita kikao, mjumbe wa nyumba kumi, mchungaji au shehe, halafu polisi na Dawati la Jinsia na Watoto, na ile fomu ya PF3 ambayo majeruhi wa kipigo kwa kawaida hutakiwa kuwa nayo anapokwenda kutibiwa. Kila pingu ya mnyororo huo inahitaji jambo moja tu: mlango ufunguke, ama mtu atoke au mtu aingie.

Dharura ya afya inakata mnyororo huo pingu kwa pingu. Kwenye amri ya usiku jirani habishi hodi, anaogopa polisi na anaogopa ugonjwa. Shangazi yuko mkoa mwingine na mabasi yamesimamishwa. Kituo cha polisi kina kazi ya kukamata waliotoka nje, sasa aliyepigwa saa mbili usiku afike vipi hapo bila naye kutoka nje? Hospitali inaogopwa kwa sababu ndiko ugonjwa uliko. Hata "nakwenda sokoni mara moja", ule uongo mdogo uliowaokoa wanawake wengi kwa nusu saa, unakosa nguvu. Na simu, ambayo namba za msaada zote zinaitegemea, iko kwenye chumba kilekile alimo anayepiga.

Fasihi yetu inajua sana umuhimu wa jirani. Katika hadithi za Kiswahili kipigo mara nyingi hatukioni, tunakisikia. Kinapita ukutani. Kuna mtu wa pembeni anayesikia, na msomaji anasikia kupitia sikio lake. Huyo jirani tunamdharau kama mhusika mdogo, hatumwandikii hata aya moja kwenye majibu ya mtihani. Nadai kwamba ni mhusika muhimu, kwa kuwa yeye ndiye anayekifanya kipigo kiwe jambo la jamii. Nyumba ya Maksuudi inatisha kwa sababu msanii amempunguza jirani. Anayesalia ni mtumishi, Biti Kocho, na Bi Farashuu mwenye kisasi, na wote wawili wanaingia kwa mlango wa uficho.

Kuna methali mbili zinazopaswa kusikilizana hapa. Tukizungumzia maradhi tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Imetumika kwa Ukimwi, imetumika kwa kifua kikuu, na mwaka 2020 ilifufuka tena. Tukizungumzia ndoa, yule kungwi au somo anayemfunda bibi harusi anamwambia siri ya nyumba haitoki nje. Jamii moja, mdomo mmoja. Anayeumwa anaambiwa aseme asije akafa, anayepigwa anaambiwa anyamaze ili asiaibike. Mwanamke mwenye jeraha la kipigo na homa kwa siku moja atii ipi?

Mapingamizi mawili

Najua kuna wenzangu, na pengine mwalimu mmoja au wawili, watakaosema: kazi ya fasihi isomwe katika wakati wake. Utengano ni riwaya ya mwaka 1980, inazungumzia jamii ya Waswahili wa visiwani baada ya ukoloni, matabaka, na unafiki wa wanasiasa uchwara. Kuivalisha barakoa ya korona ni kuionea.

Sikubali. Sijasema Said Ahmed Mohamed alitabiri chochote. Matini haijabadilika hata nukta. Kilichobadilika ni msomaji, ambaye sasa amepita mwaka ambao neno "ndani" lilipata maana nyingine. Tumefundishwa kwamba fasihi ni zao la jamii. Sawa, lakini jamii inayosoma nayo ina historia yake. Isitoshe, hilo suala la tabaka linaingia palepale. Riwaya inaonyesha mwenye mali akitumia nyumba kama alivyotumia mali nyingine, na matabaka hayajakwisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mwaka 2020 tulisikia maelezo mengi ya kwa nini ukatili umeongezeka: watu wamepoteza ajira, njaa imeingia, wanaume wamekaa bure, pombe inanyweka nyumbani, msongo wa mawazo umezidi. Mtu anaweza kusema, basi chanzo ni hali ngumu, hali ikitengemaa kipigo kitaisha. Na fasihi inaweza kumuunga mkono. Mchukue Zakaria wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971. Ni mlevi, hali yake ni duni, mkewe Regina anateseka, na Rosa anapigwa vibaya kwa sababu ya barua ya kijana Charles. Mwondolee Zakaria pombe, utasema, na nyumba itapoa.

Lakini Maksuudi je? Hana njaa. Hana deni la kodi ya nyumba. Hakuachishwa kazi. Ni mtu mwenye shughuli nyingi na heshima mjini. Mpangilie Zakaria na Maksuudi pamoja utafute wanalofanana: mmoja fukara, mmoja tajiri, mmoja wa kisiwani Ukerewe, mmoja wa mwambao, mmoja tunamjua kwa chupa, mwingine kwa siasa. Kinachobaki baada ya kuondoa tofauti zote ni mamlaka juu ya mlango. Kila mmoja anaamini kwamba kuingia, kutoka, na hata barua inayopita kizingitini, viko chini ya ruhusa yake, na kwamba anayevunja ruhusa hiyo hurudiwa. Umaskini na pombe vinaweza kuongeza makali ya mkono. Haviwezi kueleza kwa nini mkono ule unadhani una haki.

Hapo ndipo ninapoisoma dharura ya afya. Korona haikumzaa Maksuudi. Ilichofanya ni kuchonga nakala za ufunguo wake na kuzigawa, kila nyumba yenye mtu wa namna yake ikapata moja, tena yenye mhuri wa serikali. Mtu aliyekuwa akimkataza mkewe kutoka kwa sababu ya wivu, jambo ambalo hata mama yake mzazi angelikemea, sasa alimkataza kwa sababu ya afya ya umma.

Nieleweke. Sisemi watu wangeachwa wazurure na ugonjwa ulikuwa unaua. Nasema amri iliandikwa na watu wasioisoma nyumba. Wangekuwa wameisoma, maneno machache tu yangeongezwa: anayekimbia kipigo hajavunja amri. Wanasheria wetu wana mfano wa sentensi fupi yenye kazi kubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Mwaka huohuo Rosa Mistika ilitoka. Kwa hiyo tangu zamani nchi hii ina sheria na ina riwaya, na zote mbili zimemaliza nusu karne kwenye rafu moja ya maktaba huku tukisema mambo ya mume na mke hayaingiliwi.

"Mvumilivu"

Nimefika kwenye jambo linaloniudhi zaidi, nalo linatuhusu sisi tuliomo darasani.

Kila aliyepitia kidato cha sita anaijua ile mada ya "nafasi ya mwanamke katika jamii". Tunaijibu kama watu wanaosoma orodha ya bidhaa dukani: mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe, mwanamke amechorwa kama mtu asiye na maamuzi, mwanamke amechorwa kama mlezi wa familia, mwanamke amechorwa kama mvumilivu. Hoja nne, alama nne, twende swali la sita. Katika semina moja mwaka huu mwenzetu alisimama akasema sifa nzuri ya Bi Tamima ni uvumilivu, na watu wakaandika. Hakuna aliyecheka wala aliyeuliza anavumilia nini.

Hivi kweli, ukipewa kitabu cha tabibu kinachosema mgonjwa fulani ni mvumilivu sana, amekaa na kidonda miaka 15 bila kulalamika, utakiandika hicho kuwa sifa ya mgonjwa au dalili ya ugonjwa? Tunaloliita sifa ya mhusika ni hali aliyowekwa. Tamima hakuchagua uvumilivu kati ya mambo mengine. Mlango ulikuwa umefungwa. Tunapompongeza, tunasimama upande wa kungwi, tunamwambia bibi harusi mwingine aliyeko kwenye dawati la nyuma kwamba mwanamke mzuri wa kwenye fasihi ni yule anayekaa.

Kosa la pili la orodha hii ni kukifanya kipigo kiwe "dhamira ndogo", kikae chini ya mada kubwa kama matabaka, ujenzi wa jamii mpya, au Ukimwi. Nimejaribu kuonyesha kwamba ukikiweka chini ya Ukimwi, Ukimwi wenyewe hutauelewa. Wapo wasanii walioanza kuona hivyo. Katika Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege inayosomwa katika shule za Kenya, Sara ni mgonjwa na mumewe, Yona, ni mlevi aliyekuwa akimpiga; huwezi kuyachambua maradhi ya Sara ukaiacha ndoa yake mlangoni. Mhakiki anayetaka kuandika juu ya maradhi katika fasihi yetu aanzie kwenye tamthilia kama hiyo, kisha arudi nyuma kwa Maksuudi.

Na mashairi ya korona je? Niliyoyasoma na kuyasikia, hasa ya mwaka 2020, yalikuwa ya kuhimiza. Yalitufundisha kunawa, kuvaa barakoa, kuomba Mungu, kukaa ndani. Washairi wetu walifanya kazi ya wizara, na kwa siku zile haikuwa kazi mbaya. Lakini mshairi akishamaliza kazi ya wizara, abaki na ile ambayo wizara haiwezi: kusikiliza kinachopita ukutani. Kama yapo mashairi yaliyofanya hivyo, wahariri wa jarida hili wayachapishe. Nitakuwa wa kwanza kuyahakiki.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, fasihi yetu ya Ukimwi, pamoja na wema wake, ilituzoesha kuiweka hatari nje ya mlango, na mazoea hayo yakatukuta hatuna macho ulipofika mwaka wa kubaki ndani. Pili, Utengano inaonyesha jinsi nyumba iliyofungwa inavyoweza kuugeuza hata msaada wa kiafya kuwa kosa la kupigiwa mtu, na Maksuudi anabomoa dai kwamba ugumu wa maisha peke yake ndio unaopiga. Tatu, sisi wasomaji tunashiriki kwa namna tunavyoandika majibu yetu.

Napendekeza basi jambo dogo linaloweza kuanza muhula huu. Katika kozi yetu ya riwaya, Utengano iwekwe karibu na Orodha, ingawa moja ni riwaya na nyingine tamthilia, na swali la semina liwe moja: katika kila tukio, mlango uko wapi na nani ana ufunguo? Walimu wanaosahihisha nao nawaomba kitu kimoja. Mwanafunzi akiandika kwamba Bi Tamima ni mvumilivu, msimpe alama mpaka aeleze nani alimfungia, na angepitia wapi kama angetaka kutoka.